Makadirio matatu ya kupaka rangi nyumba moja: jinsi ya kuyalinganisha

Nyumba ni moja, kazi ni ya ndani peke yake, na mafundi rangi watatu wameshaikagua. Wa kwanza ametaja bei ambayo tutaiita 100, ili hesabu isishikamane na sarafu ya nchi yoyote. Wa pili amesema 142. Wa tatu amesema 62. Ukizitazama namba hizo zilivyo, wa pili anaonekana mlafi na wa tatu anaonekana ametumwa na Mungu. Hesabu ikifanywa vizuri, wote watatu wamo ndani ya tofauti ya 8 tu, na huyo anayeonekana wa kati ndiye mwenye karatasi ya kuogopwa kuliko zote.

Namba hizi ni za mfano, lakini mpangilio wake utaukuta popote panapopakwa rangi.

Fundi A, mwenye 100, ametoa bei ya mkupuo, vifaa na ufundi pamoja. Karatasi yake ina mstari mmoja: "Kupaka rangi nyumba yote ndani."

Fundi B, mwenye 142, ametoza kwa mita ya mraba, vifaa na ufundi pamoja. Ameandika kukwangua rangi inayobanduka, kuziba nyufa kwa puti, kupiga msasa, praima (rangi ya chini ya kushikisha), kisha mikono miwili ya rangi, yaani kupaka mara mbili, kwenye kuta na dari. Milango hakuitaja.

Fundi C, mwenye 62, ametoza ufundi tu: maandalizi yote, mikono miwili, kuta, dari, milango na fremu zake. Vifaa atanunua mwenye nyumba.

Kabla ya kuwapanga kwenye mizani moja, kuna kazi ndogo inayomhusu mwenye nyumba mwenyewe.

Ujue ukubwa wa kuta zako

Asiyejua ana mita ngapi za ukuta hana cha kumuuliza fundi. Kupima ni rahisi. Jumlisha urefu wa kuta zote za chumba, zidisha kwa kimo, kisha toa milango na madirisha. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.7 kina mzunguko wa mita 15, kwa hiyo kuta zake ni mita za mraba 40.5. Mlango wa 0.9 kwa 2.1 unaondoa karibu 1.9, na madirisha mawili ya 1.5 kwa 1.2 yanaondoa 3.6. Zinabaki 35. Dari ni 14.

Sasa lita. Rangi ya maji ya kawaida, kwenye ukuta laini uliokwisha kupakwa zamani, hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa lita moja, kwa mkono mmoja. Ukuta wa lipu mpya au wenye mikwaruzo hunywa zaidi, na lita hiyohiyo ikafika mita 6 au 8 tu. Kwa chumba chetu, mikono miwili ni mita 70. Ukihesabu mita 10 kwa lita unahitaji lita 7. Ukihesabu mita 6 unahitaji karibu 12. Chumba kilekile, rangi ileile, na tayari bei ya rangi imepanda kwa theluthi mbili hivi kwa sababu ya hali ya ukuta. Ongeza asilimia 10 juu ya hesabu yoyote kwa ajili ya kumwagika, kubaki kwenye rola na marekebisho ya mwisho.

Kuna mafundi wanaokadiria kwa ukubwa wa sakafu, eti nyumba ya mita kadhaa za mraba ni bei kadhaa. Njia hiyo ni ya haraka na inadanganya. Chukua ukumbi mmoja wa mita 6 kwa 6 na, upande wa pili, vyumba vinne vya mita 3 kwa 3. Sakafu ni mita 36 kote kuwili. Lakini mzunguko wa ukumbi ni mita 24, na mizunguko ya vyumba vile vinne jumla yake ni mita 48. Kwa kimo cha mita 2.7, ukumbi una ukuta wa mita za mraba 64.8 na vyumba vina 129.6, kabla ya kutoa milango. Mara mbili kamili. Na vyumba vidogo vina kona nyingi zaidi, yaani kazi nyingi ya brashi na kidogo ya rola. Kama nyumba yako ina vyumba vingi vidogo, fundi aliyekadiria kwa sakafu ama atapata hasara, ama atakufidisha hasara hiyo kwa kupunguza mkono mmoja wa rangi. Mara nyingi ni hilo la pili.

Kingine cha kuuliza: je, wametoa milango na madirisha? Wapo wasiotoa, na wana hoja. Kupitisha brashi kwa uangalifu kuzunguka dirisha hula muda kuliko kupitisha rola kwenye ukuta mtupu wa ukubwa uleule. Sina ugomvi nao, mradi wote wapime kwa namna moja. Katika chumba chetu cha mfano, tofauti kati ya 40.5 na 35 ni karibu asilimia 16, ya kutosha kumfanya mwenye bei ndogo ya mita awe ghali kuliko mwenye bei kubwa.

Namna nne za kutoza, na kila moja inamvutia fundi wapi

Bei ya mkupuo humpa mwenye nyumba utulivu wa moyo: anajua atalipa nini. Upande wa fundi, kila saa anayookoa ni faida yake, na kila lita asiyoitumia ni faida yake. Kwa hiyo mkupuo unafaa pale tu kazi ilipoandikwa kwa kina. Mkupuo wenye mstari mmoja, kama wa Fundi A, ni ruhusa ya kufanya chochote kitakachoonekana kama rangi siku ya makabidhiano.

Bei kwa mita hupunguza ubishi kuhusu ukubwa, kwa sababu utepe unaamua. Udhaifu wake ni kwamba mita ya ukuta mbovu na mita ya ukuta mzuri huweza kuandikwa bei moja, na fundi akifika kwenye ukuta mbovu hana sababu ya kukaa hapo. Uliza pia mita hiyo ni ya mkono mmoja au ya kazi iliyokamilika. Nimeona watu wakilinganisha bei za aina hizo mbili bila kujua, na anayetaja bei ya mkono mmoja siku zote huonekana rahisi.

Ujira wa siku unaogopwa na wengi, kwa sababu anayelipwa kwa siku hana haraka. Hata hivyo kuna kazi ambayo ningeitoa kwa siku bila kusita: nyumba kuukuu ambayo hakuna anayejua chini ya rangi kuna nini. Ukimlazimisha fundi kutoa mkupuo kwa kazi asiyoiona, ataweka bei ya kujikinga, au ataweka bei ndogo kisha arudi na maombi ya nyongeza. Mlipe kwa siku kwenye kukwangua na kuziba peke yake, kisha ukuta ukiwa wazi mkubaliane bei ya rangi. Mchanganyiko huo hautajwi sana, na ndio wa haki kuliko yote kwa pande zote mbili.

Namna ya nne ni ufundi tu, kama alivyofanya Fundi C. Unachagua rangi mwenyewe na hakuna anayechukua faida juu ya kopo. Lakini unakuwa mnunuzi, msafirishaji na mtunza ghala. Puti ikiisha saa nne asubuhi, vijana wanakaa kivulini mpaka wewe ufike. Na kuna jambo zito zaidi: rangi ikianza kubanduka baada ya miezi michache, fundi atasema rangi uliyonunua ni mbovu, muuzaji atasema ukuta haukuandaliwa, nawe huna wa kumbana. Anayeleta vifaa na ufundi pamoja hana mtu wa kumsukumia lawama.

Maandalizi ndipo bei zinapoachana

Rangi hushika kile kilicho chini yake. Kama chini ni vumbi, rangi imeshika vumbi. Kama chini ni rangi ya zamani iliyolegea, zitabanduka pamoja. Ndiyo maana kwenye ukuta uliochoka, siku za kukwangua, kuosha, kuziba na kupiga msasa zinaweza kuzidi siku za kupaka rangi yenyewe. Pia ndiyo sehemu rahisi kuiruka, kwa kuwa baada ya mkono wa mwisho ukuta ulioandaliwa na usioandaliwa hufanana. Tofauti inajitokeza baadaye, fundi akiwa ameshalipwa.

Kwa hiyo makadirio mawili yakipishana sana, usianze kuuliza bei ya rangi. Uliza maandalizi. Mazungumzo huwa ya namna hii:

"Fundi, hapa umehesabu kukwangua na puti?"

"Bosi, ukuta wako si mbaya, tunapitisha msasa kidogo tu."

"Na mikono mingapi?"

"Mkono mmoja mzito. Panapohitaji, tunarudia."

Hapo umeshajua 100 imetoka wapi.

Ili usitegemee neno la mtu, kuna majaribio matatu unayoweza kuyafanya mwenyewe kabla mafundi hawajaja, nayo yatakuambia ni kiasi gani cha maandalizi kinahitajika kweli. Pitisha kiganja kikavu ukutani: kikirudi na unga mweupe, ukuta unahitaji kuoshwa na kupakwa praima ya kufunga unga, la sivyo rangi mpya haitashika. Kata alama ya X kwa wembe kwenye rangi ya zamani, bandika tepu imara juu yake, kisha ivute kwa ghafla: vipande vikitoka na tepu, hapo ni pa kukwangua, si pa kupitisha msasa kidogo. Kisha bandika kipande cha nailoni cha nusu mita hivi ukutani, kingo zote zizibwe kwa tepu, ukiache siku nzima. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, yaani upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani kwenyewe. Hapo usinunue rangi kabisa mpaka ujue maji yanatoka wapi: bomba, paa, au ardhini. Hakuna rangi ya bei yoyote inayotibu ukuta wenye maji, na fundi anayekuahidi hivyo anakuuzia miezi sita.

Ukuta mpya una mambo yake. Lipu ya saruji inahitaji takriban wiki nne kukauka na kupoa kabla ya kupakwa rangi, na zaidi kama hewa ni ya unyevu. Saruji mbichi ina ukali wa alikali, ambao huyageuza mafuta ya rangi ya mafuta kuwa sabuni. Rangi inanata, inafanya malengelenge, inatoka. Kwa hiyo makadirio ya nyumba mpya yawe na praima inayostahimili alikali. Ukuta wote, si sehemu zilizozibwa tu. Praima hiyo huongeza bei ya vifaa, lakini inapunguza lita za rangi kuu kwa kuwa ukuta hauinywi tena. Anayeruka praima kwenye lipu mpya hajaokoa chochote. Amehamisha gharama kwenda kwenye kopo lililo ghali zaidi.

Na kwa nyumba za zamani sana, neno moja la usalama. Rangi nyingi za miongo iliyopita zilitiwa madini ya risasi. Marekani, kwa mfano, iliipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na nchi nyingine nyingi zilichelewa zaidi. Vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Kama una shaka, msasa mkavu usitumike. Lowesha ukuta, fundi avae barakoa inayofaa, na gharama ya tahadhari hiyo iandikwe waziwazi kwenye makadirio.

Ndoo rahisi na ndoo ghali

Ndani ya kopo kuna vitu vinne: gundi inayoshikilia, unga wa rangi, maji au kiyeyushi, na viongezi vidogovidogo. Maji yanakauka na kwenda zake. Kinachobaki ukutani ndicho ulichonunua, na kiasi chake hupishana sana kati ya rangi na rangi. Mara nyingi karatasi ya maelezo ya kiufundi huonyesha ujazo wa vitu vigumu kwa asilimia. Muombe muuzaji karatasi hiyo, au itafute kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Lita moja ikisambazwa kwenye mita 10 za mraba hutengeneza tabaka bichi la maikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita. Kama vitu vigumu ni asilimia 25, baada ya kukauka zinabaki maikroni 25. Kama ni asilimia 40, zinabaki 40. Sasa tuseme ndoo ya lita 20 ya rangi ya kwanza ni 100 na ya pili ni 150. Ya kwanza ina lita 5 za vitu vigumu, kwa hiyo kila lita kavu umeinunua kwa 20. Ya pili ina lita 8, kila lita kavu kwa 18.75. Ile "ghali" ndiyo rahisi.

Endelea na hesabu hiyo kwenye nyumba yenye mita 300 za kuta na dari. Mkono mmoja ni lita 30. Rangi hafifu ikihitaji mikono mitatu kuficha kile ambacho nzito inaficha kwa miwili, utatumia lita 90, yaani ndoo nne na nusu, 450. Rangi nzito itatumia lita 60, ndoo tatu, 450. Fedha za rangi zimelingana, isipokuwa ule mkono wa tatu unalipiwa ufundi.

Uwezo wa kuficha hutokana zaidi na madini meupe ya titani, ambayo ni ghali. Rangi za bei ndogo hujazia nafasi hiyo kwa chokaa laini, ambayo hufifia ikiwa na maji na haifichi vizuri. Hili huonekana zaidi unapotoka rangi iliyokolea kwenda isiyokolea. Kwa upande mwingine, nyekundu kali na njano kali ni wakaidi hata zikiwa za kampuni nzuri, kwa sababu unga wake ni mwangavu. Zikichaguliwa, hesabu mikono mitatu au mkono wa chini wa rangi inayokaribiana nayo. Mwenye nyumba akibadilisha rangi ya ukuta mmoja kuwa nyekundu baada ya makubaliano, fundi ana haki ya kuomba nyongeza.

Mng'ao nao ni sehemu ya bei. Rangi isiyong'aa huficha mabonde na viraka vya puti, lakini madoa yake hayasuguliki vizuri. Yenye mng'ao wa wastani husafishika, ila huanika kila kasoro ya ukuta, kwa hiyo inadai puti na msasa zaidi. Ukichagua rangi ya kusafishika umechagua pia maandalizi ghali, hata kama hakuna aliyekuambia. Kwa korido na jikoni gharama hiyo inastahili. Kwa dari ni upotevu. Barani Ulaya rangi za maji za ndani hupangwa kwa uwezo wa kuhimili kusuguliwa zikiwa na maji, daraja la 1 hadi 5 kwa kiwango cha EN 13300. Daraja la 1, ambalo hupoteza chini ya maikroni 5 baada ya kusuguliwa mara 200, ndilo imara kuliko yote. Ukiikuta namba hiyo kwenye kopo, inasema kweli zaidi kuliko neno "bora" lililochapwa kwa dhahabu.

Mwisho wa habari ya rangi ni maji. Kuongeza maji kidogo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kopo ni jambo la kawaida, hasa mkono wa kwanza. Kuongeza mpaka rangi itiririke ni kuuza rangi ileile mara mbili. Kinga yake ni hesabu yako ya lita: kama kazi ilihitaji ndoo tatu na kwenye kona kuna ndoo mbili tupu, uliza.

Kuzisawazisha karatasi tatu

Njia iliyo safi ni kuandika kazi mwenyewe, ukurasa mmoja, na kuwapa mafundi wote waweke bei juu ya maandishi yaleyale: sehemu gani, maandalizi gani, praima wapi, mikono mingapi, rangi ya daraja gani, nani anahamisha samani na kufunika sakafu, nani anaondoa taka. Lakini mara nyingi karatasi zimeshakuja kila moja na lugha yake. Hapo unaongeza au kupunguza mpaka zote ziwe kazi moja. Kwa nyumba yetu, kazi moja ni kuta na dari, maandalizi kamili, mikono miwili, milango na fremu.

| | Fundi A | Fundi B | Fundi C |
|---|---|---|---|
| Bei aliyotaja | 100 | 142 | 62 |
| Rangi ya mkono wa pili | +12 | imo | +52 (rangi yote) |
| Ufundi wa mkono wa pili | +10 | imo | imo |
| Puti na msasa | +14, kazi na vifaa | imo | +9, vifaa |
| Praima | hajaitaja bei | imo | +11 |
| Milango na fremu | +9 | +11 | imo |
| Rola, tepu, nailoni | imo | imo | +5 |
| Usafiri | imo | imo | +3 |
| Akiba ya vifaa, asilimia 10 | juu yake | juu yake | +8 |
| Jumla | 145 | 153 | 150 |

Safu ya A ina shimo bado: praima. Amesema ataweka "panapohitaji", na hilo halina namba. Ukilijaza, A anaweza kumpita B. Safu ya C nayo haina bei ya muda wako, siku za kwenda dukani na kusimamia. Mwenye muda ataona ni bure. Anayeacha kazi yake ili akanunue msasa anajua si bure.

Nyongeza hizi zitoke vinywani mwao, usizibuni. Mpigie A, muombe bei ya kila kitu kilichokosekana, moja moja. Namna anavyojibu ni sehemu ya ulinganisho. Fundi anayetamka bei ya puti papo hapo ameshaifanya kazi hiyo mara nyingi. Anayesema "tutaelewana tu, bosi" hajahesabu, na nyongeza zake utazikuta katikati ya kazi, wakati samani zako zimejazana chumba kimoja na huwezi kumfukuza.

Fundi mwenye bei ndogo sana si lazima awe mjanja. Anaweza kuwa kijana anayetafuta jina, anayefanya kazi peke yake bila kijana wa kumlipa, au aliyebakiwa na ndoo nzuri kutoka kazi nyingine. Muulize tu ameokoa wapi. Jibu linalohusu yeye (hana msaidizi, anaishi karibu) ni jibu zuri. Jibu linalohusu ukuta wako si zuri.

Kuta za nje na malipo, kwa ufupi

Kazi ya nje hulinganishwa vilevile, ila ina mistari miwili inayopaswa kusimama peke yake. Jukwaa la kusimamia hukodiwa kwa muda, kwa hiyo mvua ya siku nne ni gharama. Iandikwe nani anaibeba. Na rangi ya nje iwe ya nje kweli, kwa kuwa gundi ya rangi nyingi za ndani haihimili jua na mvua. Vyuma vya madirisha vihesabiwe kwa idadi: vina pande zote, na mita yake ya mraba haina maana.

Kwenye malipo, fedha za awali zilingane na vifaa vitakavyofika siku ya kwanza. Nyingine ifuate hatua: maandalizi yakikaguliwa, mkono wa kwanza ukikamilika, na sehemu ya kumi hivi ibaki mpaka umeuona ukuta kwa mwanga wa mchana. Hatua ya maandalizi isirukwe kwenye ratiba hiyo, kwa kuwa baada ya mkono wa kwanza haikaguliki tena. Kuna mbinu ya zamani ya kuhakikisha mikono ni miwili kweli: mkono wa kwanza uchanganywe uwe na kivuli tofauti kidogo na wa pili. Pasipofikiwa na wa pili panaonekana kwa macho.

Ningemchagua nani

Kwa nyumba hii, yenye rangi ya zamani inayobanduka hapa na pale, ningempa B kazi kwa 153, na tofauti ya 8 juu ya A nisingeijadili sana. Karatasi yake inaniambia nitapata nini, na kitu kikiharibika ni yeye tu wa kumuuliza. Ningejaribu kumshusha kwenye milango, kwa sababu 11 yake ni kubwa kuliko 9 ya A, na hiyo ni hoja ya haki: kazi ni ileile, na bei ya mwenzake ipo mkononi.

A aliyekubali kuandika yote kwa 145, na praima ikiwemo, angekuwa mpinzani halisi. A wa mstari mmoja kwa 100, hapana. Tuseme kazi yake ya mkono mmoja inadumu miaka 3, na ya B miaka 6. A ni karibu 33 kwa mwaka na B ni 25.5, na baada ya miaka mitatu anayefuata atatoza kukwangua alichokiacha A.

Nyumba ingekuwa mpya, kuta zimenyooka, lipu imekauka, ningemchukua C. Maandalizi hapo ni machache, mashaka ni machache, na anayenunua rangi mwenyewe kwa karatasi ya kiufundi ana nafasi ya kupata rangi nzito kwa fedha zilezile. Na kingekuwa chumba kimoja cha kulala tu, kuta nzuri, ningenunua lita 8, rola na tepu, nikaipiga mwenyewe mwisho wa wiki. Dari ningemwachia fundi.